Mashemeji na Watani wa Jadi: Maneno ya Undugu katika Ushindani wa Soka

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyoutaja ushindani mkubwa wa soka kwa maneno ya undugu. Nchini Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards huitwa mashemeji. Nchini Tanzania, Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Hoja kuu ni kwamba majina haya si mapambo ya watangazaji. Kila moja limebeba mkataba wa kijamii unaoeleza haki na mipaka ya wanaoshindana, na kila moja linaakisi historia ya mahali lilikokulia. Mifano ya mazingira imetolewa Thika na Ruiru, miji ya Kaunti ya Kiambu ambako mashabiki wa asili mbalimbali huishi na kusafiri pamoja.

1.0 Utangulizi

Siku ambayo Gor Mahia na AFC Leopards wamepangiwa kukutana katika uwanja wa Kasarani, dalili za mchezo huanza kuonekana mbali na uwanja wenyewe. Katika kituo cha matatu mjini Thika, abiria waliovaa jezi za kijani husimama katika foleni moja na wenzao waliovaa buluu na nyeupe. Gari hupita Juja, likafika Ruiru, na wengine wa rangi zote mbili wakaingia. Mmoja humuuliza mwenzake kama shemeji amebeba kitambaa cha kufutia machozi. Mwenzake humjibu kwamba mahari ya msimu uliopita haijakamilika, na kwamba leo itadaiwa mbele ya wazee. Abiria wengine hucheka. Hakuna anayeuliza ni nani aliyemwoa dada ya nani.

Swali ambalo mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuliuliza ni hili: kwa nini neno lililoteuliwa ni *shemeji*? Lugha ina maneno mengi ya kumtaja mtu anayeshindana na mwingine: mpinzani, hasimu, mshindani, adui. Ina pia maneno mengi ya undugu: kaka, mjomba, binamu, mkwe. Uteuzi wa neno moja kati ya hayo yote una maana, na maana hiyo haiwezi kueleweka bila kuichunguza historia ya timu zenyewe.

2.0 Historia ya Timu na Majina Yake

AFC Leopards ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, likiwa ni kusanyiko la wachezaji na mashabiki wa jamii ya Waluhya. Gor Mahia ilizaliwa mwaka 1968 kutokana na kuungana kwa timu mbili za Waluo, yaani Luo Union na Luo Stars. Jina lake ni la Gor, mganga na kiongozi mashuhuri wa Kanyamwa, ambaye sifa yake ya kutenda maajabu ndiyo iliyompa lakabu ya Mahia. Tangu mwanzo, basi, kila timu ilikuwa nyumba ya jamii fulani iliyo mbali na kwao. Vibarua, makarani na mafundi waliotoka magharibi mwa Kenya kutafuta kazi Nairobi na katika miji ya viwanda kama Thika walipata katika timu hizo mahali pa kukutania.

Karibu na mwaka 1980, serikali iliagiza vyama na timu ziyaache majina ya kikabila. Yaliyofuata yana manufaa kwa mwanafunzi wa lugha. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Herufi A iliyokuwa ikisimama badala ya jina la jamii ilipewa maana nyingine isiyotaja kabila, lakini yenyewe ikabaki mahali pake. Gor Mahia nayo kwa muda mfupi ilijiita Gulf Olympic Rangers, maneno matatu ambayo herufi zake za kwanza zinaunda G, O na R. Amri ilibadilisha majina. Haikuweza kubadilisha kumbukumbu. Mashabiki waliendelea kuiita Leopards kwa jina la Ingwe, yaani chui katika lugha za Kiluhya, na Gor kwa jina la K'Ogalo.

Umashuhuri wa timu hizi haukuishia nyumbani. Katika mashindano ya vilabu vya Afrika Mashariki na Kati, Gor Mahia ilitwaa kombe mwaka 1980 na 1981, Leopards ikafuata mwaka 1982, 1983 na 1984, na mwaka 1985 Gor ikalirejesha. Mwaka 1987, Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika dhidi ya Espérance ya Tunisia, baada ya sare ya 2-2 mjini Tunis na sare ya 1-1 Kasarani. Bao za ugenini ndizo zilizoamua.

Ushindani wa aina hii ulihitaji jina. Majina ya jamii yalikuwa yamekatazwa kutumiwa rasmi, na kuyatamka katika hali ya joto la mchezo kungeweza kuzua uhasama. Hapo ndipo Kiswahili kilipotoa neno.

3.0 Kwa Nini Shemeji?

Shemeji ni ndugu wa mke au wa mume, au mtu aliyeoa au kuolewa na ndugu. Katika mazungumzo ya kila siku ya miji kama Ruiru, neno hili limepanuka hata likamhusu mchumba wa rafiki. Waluo na Waluhya ni majirani ambao wameoana kwa vizazi vingi, kwa hiyo neno lina msingi wa kweli. Hata hivyo, ukweli wa ndoa peke yake hautoshi kueleza uteuzi wake. Sifa tatu za kisemantiki zinasaidia.

Sifa ya kwanza ni ulinganifu. Kuna maneno ya undugu yasiyo na ulinganifu: ikiwa Juma ni mjomba wa Ali, Ali hawi mjomba wa Juma, bali mpwa wake. Mmoja yuko juu na mwingine yuko chini. Shemeji ni tofauti. Ikiwa Otieno ni shemeji yake Wafula, Wafula naye ni shemeji yake Otieno. Neno lenyewe linakataa kumpa yeyote ukubwa. Ushindani unaoitwa wa mashemeji ni ushindani wa walio sawa, hata katika miaka ambayo jedwali la ligi linasema vinginevyo. Leopards haijatwaa ubingwa wa ligi tangu 1998, nayo Gor Mahia ilikaa miaka 18 bila ubingwa hadi 2013. Katika vipindi vyote hivyo hakuna aliyeacha kuitwa shemeji.

Sifa ya pili ni kuwepo kwa nyumba mbili. Ndugu pia ni neno lenye ulinganifu, lakini ndugu hutoka katika nyumba moja. Wakipigana, nyumba imevunjika. Mashemeji hutoka katika nyumba mbili ambazo zimeunganishwa na ndoa bila kuyeyushwa kuwa moja. Kila upande hubaki na mababu zake, nyimbo zake na rangi zake. Neno hili huruhusu tofauti idumu bila kuigeuza kuwa uadui.

Sifa ya tatu ni ruhusa ya mzaha. Mkwe naye ni wa nyumba nyingine, na neno hilo hutumiwa kwa pande zote mbili, ila mkwe huheshimiwa kwa kiasi cha kuogopwa. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtu hawezi kumtania mama mkwe wake. Shemeji, kwa upande mwingine, mara nyingi hutaniwa. Kama timu hizi zingeitwa wakwe, mashabiki wangelazimika kunyamaza. Kwa kuwa zimeitwa mashemeji, wana kibali cha kusema.

Kuna jambo la nne ambalo si la kisemantiki bali la kiisimujamii. Neno halikutoka katika Dholuo wala katika lugha yoyote ya Kiluhya. Lingetoka upande mmoja, upande wa pili ungecheza ugenini. Kiswahili kilikuwa uwanja ambao hakuna kati ya wawili hao aliyeweza kuuita wake peke yake, na kwa sababu hiyo wote wawili waliweza kuutumia.

4.0 Ulinganisho na Watani wa Jadi

Dar es Salaam ina ushindani wenye umri mkubwa zaidi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Simba iliwahi kuitwa Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuchukua jina la sasa mwaka 1971. Timu hizi huitwa watani wa jadi.

Utani ni asasi ya kijamii iliyoandikwa sana. R. E. Moreau alichapisha utafiti wake kuhusu utani wa Tanganyika mwaka 1944. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19 na baadaye wakawa watani. Mtani ana haki ya kumdhihaki mtani wake hadharani, na anayedhihakiwa hana ruhusa ya kukasirika. Lakini mtani ana wajibu pia: panapotokea msiba, yeye huwa miongoni mwa wanaofika, wakahudumu na kuwapunguzia wafiwa uzito wa huzuni kwa maneno yao.

Kwa nini basi Dar es Salaam iliteua utani na Nairobi ikateua ushemeji? Jibu linapatikana katika asili ya timu. Simba na Yanga hazikujengwa juu ya makabila mawili. Zote zilikulia katika mitaa ya Kariakoo na viunga vyake, miongoni mwa wakazi wa mji wenye asili nyingi. Nyumba moja inaweza kuwa na baba wa Yanga na mwana wa Simba. Hapakuwa na jamii mbili za kuoana. Palikuwa na majirani waliohitaji kanuni ya kutaniana, na kanuni hiyo ilikuwepo tayari. Gor Mahia na Leopards, kwa upande wao, zilianza zikiwa nyumba mbili za jamii mbili. Uhusiano wa nyumba mbili huelezwa kwa ndoa.

Hata hivyo, majina haya mawili yanakaribiana kuliko yanavyoonekana. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu utani, alianza hoja yake kwa uhusiano wa mtu na ndugu wa mkewe. Aliona kwamba ndoa huunganisha na kutenganisha kwa wakati mmoja: watu hupata sababu ya kupatana, na bado maslahi yao hutofautiana. Jamii hulitatua tatizo hilo kwa njia mbili, ama kwa heshima ya kuepukana ama kwa mzaha usiochukiwa. Kwa mtazamo huo, ushemeji wa Nairobi na utani wa Dar es Salaam ni majibu mawili ya swali moja: watu wafanye nini na mtu wasiyeweza kumkubali wala kumkataa kabisa?

Tofauti moja inafaa kutajwa. Utani wa Simba na Yanga huvuka mipaka ya nchi. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, na Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, wako watani waliojitokeza waziwazi kumshangilia mgeni. Kwa mtu asiyejua utani, hilo ni usaliti. Kwa anayeujua, mtani ametekeleza haki yake.

5.0 Sarufi ya Ushindani

Maneno ya undugu hayasimami peke yake. Katika magazeti na redio huambatana na vitenzi vyenye ukali: kumenyana, kuvaana, kuchuana, kukabana koo, kutoana jasho. Huenda ikaonekana kwamba vitenzi hivi vinaliumbua jina la undugu. Uchunguzi wa maumbo yake unaonyesha mpangilio wenye mantiki.

Vitenzi vyote vilivyotajwa vina kiambishi *-an-* cha kauli ya kutendana. Linganisha sentensi hizi:

(1a) Gor Mahia itamenyana na Leopards Jumapili.
(1b) Leopards itamenyana na Gor Mahia Jumapili.

Nafasi za timu zikibadilishwa, ukweli wa sentensi haubadiliki. Kauli ya kutendana ina ulinganifu ule ule ulioonekana katika neno shemeji. Lakini mchezo ukiisha, vitenzi hubadilika:

(2a) Gor Mahia iliinyuka Leopards.
(2b) Leopards iliinyuka Gor Mahia.

Sentensi hizi mbili haziwezi kuwa kweli kwa mchezo mmoja. Kunyuka, kutandika, kucharaza na kulaza ni vitenzi vyenye mtenda na mtendwa, na hapa hutumiwa bila *-an-*. Kwa hiyo lugha ya soka hugawanya wakati: kabla ya mchezo ni kutendana, baada ya mchezo ni kutenda na kutendwa. Jina mashemeji ndilo pekee linalovuka mpaka huo bila kubadilika. Aliyenyuka na aliyenyukwa hurudi Thika katika gari moja wakiwa bado mashemeji.

Kimofolojia, shemeji hupokea kiambishi cha wingi *ma-*, kama dada na madada au shangazi na mashangazi, huku upatanisho ukibaki wa *a-wa*: mashemeji wamefika. Neno limepiga hatua nyingine katika matumizi ya michezo. Katika fungu kama *debi ya Mashemeji*, huandikwa kwa herufi kubwa. Nomino ya kawaida imekuwa nomino ya pekee inayotaja tukio mahususi.

6.0 Thika na Ruiru: Shemeji Asiyeoa

Thika ilikuwa na timu yake katika Ligi Kuu. Thika United ilicheza humo kwa miaka mingi hadi iliposhushwa daraja mwishoni mwa msimu wa 2018, na kwa kipindi kirefu ilidhaminiwa na Brookside, kampuni ya maziwa yenye makao yake Ruiru. Miji miwili jirani ilikutana hivyo katika jezi moja. Hata hivyo, hakuna timu iliyowahi kujulikana kama shemeji wa Thika United. Timu ya mji au ya kampuni hupata wapinzani, haipati mashemeji. Neno hilo huhitaji nyumba mbili zenye historia.

Ajabu ni kwamba wengi wanaoitana mashemeji katika matatu za Thika na Ruiru hawatoki katika nyumba hizo mbili. Chukua mfano wa kijana aliyezaliwa Machakos, anayefanya kazi kiwandani Thika na kuishabikia Leopards. Jirani yake, aliyezaliwa Murang'a na kukulia Ruiru, ni wa Gor Mahia. Hakuna kati yao aliye Mluhya wala Mluo, lakini huitana shemeji kila timu zinapokutana. Ndoa iliyolizaa neno si yao. Wameingia katika undugu huo kwa kuvaa jezi. Huu ni upanuzi wa maana wenye uzito mkubwa: neno lililoanza kwa kuunganisha jamii mbili sasa linampokea yeyote anayechagua upande.

Uzito wa jambo hili unaonekana mtu akikumbuka mwanzo wa mwaka 2008. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu wengi walifukuzwa makwao katika sehemu mbalimbali za Kenya kwa sababu ya kabila. Katika miji ya mkoa uliokuwa ukiitwa wa Kati, Thika ikiwa mojawapo, wakazi wenye asili ya magharibi mwa nchi walilazimika kuhama. Katika mazingira ambamo jina la ukoo liliweza kumfukuza mtu nyumbani, neno linalomtambua mtu wa kabila jingine kuwa jamaa si jambo dogo. Kumwita mtu shemeji ni kukiri kwamba yeye si wa nyumba yetu na kwamba, hata hivyo, hatuna haki ya kumfukuza.

7.0 Mipaka ya Neno

Ingekuwa kosa kudai kwamba neno linaweza kufanya kila kitu. Mnamo Oktoba 2010, watu 7 walipoteza maisha katika mkanyagano kwenye Uwanja wa Nyayo siku ya mchezo wa Gor Mahia na Leopards. Msongamano haujui undugu. Milango mipana na mpangilio mzuri wa kuingia ni kazi ya wasimamizi, si ya wanalugha. Mnamo Machi 2012, vurugu zilizuka katika uwanja huo huo timu hizo zilipokutana, na viti viking'olewa. Siku hiyo jina mashemeji lilikuwa kwenye midomo ya watangazaji, lakini mkataba wake ulikuwa umevunjwa.

Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mzaha wa shemeji una mpaka: hugusa timu, kipa, kocha na matokeo. Unapoanza kugusa mwili wa mtu, mila zake au asili yake, umeacha kuwa mzaha. Jina la undugu likitumiwa kufunika matusi ya aina hiyo, huwa limegeuzwa kuwa kifuniko kama zile herufi za kwanza za majina yaliyobuniwa ili kuitii amri.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba *mashemeji* na *watani wa jadi* ni maneno yaliyoteuliwa na historia. Kariakoo iliteua utani kwa kuwa ilikuwa na majirani. Nairobi iliteua ushemeji kwa kuwa ilikuwa na nyumba mbili. Yote mawili yana ulinganifu, yote huruhusu mzaha, na yote humdai msemaji wajibu. Thika na Ruiru zimeongeza sura mpya kwa kulitumia neno bila kujali asili ya anayeitwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, yasema methali. Na mtu anayeitwa shemeji amekwisha kupewa njia ya kushindwa bila kudharauliwa.

Maswali ya Mjadala

1. Taja maneno matano ya undugu katika Kiswahili, kisha ueleze lipi lina ulinganifu na lipi halina.
2. Kusanya vitenzi kumi kutoka taarifa za michezo za wiki moja. Ni vingapi vyenye kiambishi *-an-*, na vimetumiwa kabla au baada ya mchezo?
3. "Neno shemeji humkaribisha mtu na kumweka mbali kwa wakati mmoja." Jadili.
4. Je, katika lugha yako ya kwanza, ushindani wa michezo hupewa jina gani? Jina hilo lingefaa kutumiwa na watu wa jamii nyingine?